Shule mpya zinazojengwa Mwanza: uliza nani alijaza kyubu za zege

MpimaZege (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni kupima vifaa vya ujenzi hapa Mwanza: udongo, kokoto, zege, nondo. Kuna jambo naliona likijirudia kwenye shule zinazojengwa kwenye kata zetu na nimeona niliweke humu kwa urefu, maana humu wamo wajumbe wa kamati za ujenzi, wamo walimu, wamo mafundi, na wengi wetu tuna watoto watakaoingia kwenye madarasa hayo.

Jambo lenyewe ni hili. Karatasi ya maabara inasema zege lina nguvu, na mashine ya maabara haidanganyi. Ila zege lililopimwa si lile lililomwagwa kwenye nguzo.

Kwa asiyejua, zege likichanganywa saiti huchotwa kidogo na kujazwa kwenye moldi za chuma zenye sentimita 15 kila upande. Hizo ndizo kyubu. Kwa kawaida zinajazwa sita. Kesho yake zinatolewa kwenye moldi na kuzamishwa majini, kisha tatu zinavunjwa siku ya 7 na tatu siku ya 28. Mchoro ukidai zege la daraja la 25, kyubu inatakiwa ihimili nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Uso wa kyubu una milimita za mraba 22,500, kwa hiyo mashine inaibana kwa kilonyutoni 562 na nusu kabla hujasema imefika. Hiyo ni kama kuipandishia mzigo wa tani 57. Siku ya 7 tunategemea ifike karibu theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28.

Sasa twende saiti. Kuna shule moja, sitaitaja, nilifika wakati wanamwaga zege la mkanda juu ya madirisha. Pembeni, chini ya mwembe, kijana amechuchumaa na karai lake. Amechanganya zege la peke yake. Simenti imekolea, kokoto zimechambuliwa kwa mkono, maji yamewekwa kidogo kidogo kwa kopo. Anajaza moldi na kushindilia kwa ustadi kabisa. Hatua chache kutoka pale mashine inazunguka zege la kweli, na saidia fundi anamimina maji kwa ndoo mpaka zege linatiririka kama uji, kwa sababu zege jepesi halichoshi mikono kulipandisha juu.

Zile kyubu za chini ya mwembe zikiletwa kwetu zinapita, tena zinapita kupita kiasi. Ripoti inaandikwa, muhuri unapigwa, faili linajaa. Na mkanda uliobeba paa la darasa haujapimwa na mtu yeyote.

Ndiyo maana nasema, kabla hujauliza zege limetoa ngapi, uliza nani alichota sampuli, aliichota wapi, na nani anamlipa. Mengine yote nitakayoandika yanafuata baada ya hilo.

MpimaZege

Naendelea, kwa sababu kuna atakayesema nawasema mafundi tu.

Tukumbuke tulikotoka. Mwishoni mwa 2021 yalijengwa nchi nzima kwa mpigo mmoja, kwa zile fedha za UVIKO (korona), madarasa 15,000, kila moja shilingi milioni 20, na yote yalitakiwa yawe tayari kabla shule hazijafunguliwa Januari 2022. Baada ya hapo zimekuja shule mpya za sekondari chini ya mradi wa serikali wa SEQUIP na za msingi chini ya mradi wa BOOST. Sehemu kubwa ya kazi hizi inakwenda kwa fosi akaunti. Shule yenyewe inanunua vifaa, inaajiri fundi wa mtaani, na wananchi wanaunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Mimi siupingi utaratibu huu. Umejenga madarasa mengi kwa fedha ambayo ingeishia kwenye faida ya mkandarasi.

Ila tazama kilichopungua. Kazi ikiwa na mkandarasi na mshauri mwelekezi, angalau kwenye makaratasi kuna pande mbili zinazotazamana. Mmoja anajenga, mwingine anakagua, na anayekagua halipwi na anayejenga. Kwenye fosi akaunti anayekagua ni mhandisi wa halmashauri, na huyo ana saiti kila kata. Siku anayofika zege limeshakauka na plasta imeshapigwa. Anakuta ukuta mzuri mweupe. Atakagua nini?

Na tarehe haimsubiri mtu. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, shule zinafunguliwa Januari, na katikati hapo zege linadai siku zake 28. Nimeona mbao za boksi zikivuliwa mapema na mirunda kung'olewa kwa sababu kiongozi anakuja kukagua. Zege halijui kiongozi anakuja lini.

Wenzetu wa California, Marekani, walilipia somo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 10 Machi 1933 tetemeko lilipiga Long Beach karibu saa 12 jioni. Shule takriban 70 zilibomoka na nyingine zaidi ya 100 ziliharibika vibaya. Madarasa yalikuwa matupu kwa sababu ya saa tu. Mwezi mmoja baadaye, 10 Aprili 1933, wakapitisha sheria ya shule za umma ambayo inafanya kazi hadi leo. Michoro inapitiwa na serikali ya jimbo. Kila saiti ya shule ina mkaguzi aliyeidhinishwa, ambaye anakuwepo kazi inapoendelea. Maabara ya vipimo inaajiriwa na mwenye shule, mkandarasi hana mkono hapo. Na kila mhusika mkuu anasaini kwa kiapo kwamba kilichojengwa ndicho kilichochorwa.

Kama unaona hayo ni ya mbali, kumbuka 10 Septemba 2016. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera na hata sisi huku Mwanza tulilisikia. Sekondari za Ihungo na Nyakato pale Bukoba ziliharibika kiasi cha kufungwa. Siku ile ilikuwa Jumamosi.

FundiIgoma

Mkuu heshima, ila hapo umetuonea. Mimi ni fundi na nimejenga madarasa ya serikali. Fundi analetewa vifaa, haendi kununua. Nikiletewa nondo nyembamba nifanye nini? Nikigoma wanaleta fundi mwingine kesho asubuhi na mimi nakosa hela ya kula. Na hilo la maji kwenye zege, mtu anabeba karai juu ya kichwa kutoka asubuhi mpaka jioni, vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishuke, hakuna. Zege gumu halishuki kwenye nguzo yenye nondo nne na ringi zimebanana. Tutafanyaje?

MpimaZege

Fundi nakuelewa, na hoja yako ya vifaa ni ya kweli kabisa. Kwa hiyo tuanze na vifaa.

Nondo ni kitu chepesi kuliko vyote kukikamata, na hakihitaji maabara. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa gramu 888 kwa mita moja. Ya 10 ni gramu 617. Ya 16 ni kilo 1.58. Kata kipande cha mita moja kamili, peleka dukani kwenye mizani ya kupimia sukari. Au chukua nondo nzima ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, uitundike kwenye ile mizani ya mwaloni wanayopimia sangara: inatakiwa iwe kilo 10.6 hivi. Upungufu mdogo wa kiwandani unakubalika. Lakini kipande cha mita moja cha nondo ya 12 kikisoma chini ya gramu 835, acha kila kitu na mwite mhandisi. Nimeona nondo zinazouzwa kama 12 zikiwa na 11. Milimita moja inaonekana ndogo, ila ukipiga hesabu ya eneo la chuma umepoteza asilimia 16. Ni kama katika kila nondo sita umeibiwa moja. Na ukizitazama kwa macho zikiwa zimefungwa mtumba huwezi kujua.

Wewe fundi ukipima na kuandika kwenye daftari la saiti "nondo zilizopokelewa leo zina gramu kadhaa kwa mita", mbele ya mjumbe wa mapokezi, umejilinda. Anayekuja kukufukuza kesho atakuta maandishi.

Kuhusu maji nitakujibu bila kupaka mafuta. Mfuko wa kilo 50 ukipewa lita 25, uwiano wa maji na simenti ni 0.5. Ukiongeza nusu ndoo tu, lita 10, umefika 0.7. Zege hilo litashuka vizuri kwenye nguzo na litaonekana zuri ukivua mbao. Yale maji ya ziada baadaye yanakauka na kuacha vitundu vidogo ndani, huvioni, na nguvu iliyochorwa hutaifikia tena. Nguzo ikiwa imebanana, dawa ni kokoto ndogo, vaibreta ya kukodi kwa siku, na kumwaga kwa awamu fupi huku unachokoa kwa nondo. Vaibreta iingie kwenye makadirio tangu mwanzo, na hapo fundi una haki ya kuidai kabla hujaanza kazi.

Kama mnataka kumdhibiti mwenye ndoo, tengenezeni koni ya slampu, ile ya kupima ulaini wa zege bichi, au iazimeni kwa mhandisi. Urefu sentimita 30, mdomo wa chini 20, wa juu 10. Unajaza tabaka tatu, kila tabaka unachokoa mara 25 kwa kipande cha nondo ya milimita 16, unavuta koni juu, unapima zege limeshuka kiasi gani. Dakika chache tu. Fundi mwenyewe ataona mchanganyiko wa saa nne na wa saa nane haufanani.

Mama Buhongwa

Samahani kaka, mimi nipo kamati ya mapokezi shule ya huku kwetu. Elimu yangu ni darasa la saba. Gari likija tunahesabu mifuko, tunahesabu nondo, tunasaini. Mchanga tunaangalia tu kama gari limejaa. Hizo hesabu za nyutoni zimenipita. Nisaidie mtu kama mimi nikague nini?

MpimaZege

Dada yangu, wewe ndiye niliyekuwa namwandikia uzi huu. Kamati ya mapokezi ikisimama imara, nusu ya matatizo yanaishia getini. Na hakuna nyutoni hata moja hapa.

Simenti. Soma mfuko. Kuna alama ya TBS, na kuna namba 32.5 au 42.5. Kwa zege la msingi, nguzo na mkanda michoro mingi inataka 42.5, ile 32.5 ni ya kujengea tofali na plasta. Kama makadirio yanasema 42.5 na gari limeleta 32.5, usisaini. Tazama na tarehe ya kutengenezwa. Ingiza mkono ndani ya mfuko mmoja uliochanika: ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, simenti imeshaanza kufa kwa unyevu. Stoo isiwe na mifuko iliyolala chini kwenye sakafu wala kuegemea ukuta, iwekewe mbao.

Mchanga. Chukua chupa ya maji ya lita moja inayoonekana ndani, weka mchanga mpaka karibu nusu, ongeza maji yenye chumvi kijiko kimoja, funga, tikisa kwa nguvu, weka mahali tambarare na uiache saa tatu. Mchanga unakaa chini, tope linakaa juu yake, utaona mstari. Pima kimo cha tope na kimo cha mchanga kwa rula ya mtoto wa shule. Tope likizidi asilimia 8 ya mchanga, yaani mchanga sentimita 10 na tope likapita milimita 8, mchanga huo ni mchafu, uoshwe au urudi. Tope linajipaka kwenye chembe za mchanga na simenti inashika tope badala ya kushika mchanga.

Kokoto sina shida nazo sana hapa kwetu. Mwanza ni mawe, na granaiti yetu ni ngumu vya kutosha, wale kina mama wanaogonga kokoto milimani wanatoa mali nzuri. Angalia tu zisije zimechanganyika na vumbi na udongo, na zisiwe ndefu na bapa kama vigae. Mawe yaliyooza, yale ya rangi ya kahawia yanayomeguka kwa nyundo ndogo, yakatae.

Tofali nilitaka kuandika kidogo lakini hapa lazima nikae. Tofali la inchi 6 lisilo na matundu, lenye urefu wa sentimita 45 na kimo cha 22 na nusu, lina ujazo wa lita 15. Mfuko wa simenti una ujazo wa lita 35 hivi. Mtu akikwambia anatoa tofali 50 kwa mfuko mmoja, amesambaza lita 35 za simenti kwenye lita 750 za tofali. Hiyo ni zaidi ya mchanga ishirini kwa simenti moja. Hilo ni dongo lenye rangi ya simenti. Kwa hiyo kamati isinunue tofali za barabarani bila kujua zimefyatuliwaje. Fyatueni palepale shuleni, mhesabu mifuko iliyofunguliwa asubuhi na tofali zilizotoka jioni, na muandike. Kisha zimwagiliwe maji asubuhi na jioni angalau wiki nzima, chini ya kivuli au zikiwa zimefunikwa. Jua letu la Juni mpaka Agosti, na ule upepo wa ziwani, vinakausha tofali kabla simenti haijafanya kazi. Baadaye chukueni chache bila kuchagua mpeleke maabara zikavunjwe.

Saiti Moja

Mleta uzi, haya ni mazuri lakini tuwe wakweli. Darasa moja la UVIKO lilikuwa milioni 20. Hapo kuna bati, madawati, milango. Nani atatoa hela ya maabara? Mkuu wa shule akiomba hata laki moja ya vipimo anaambiwa aonyeshe kifungu.

MpimaZege

Ndugu, kifungu kinawekwa wakati makadirio yanaandikwa. Kikikosekana hapo, hakitapatikana tena. Ndiyo maana mjumbe wa kamati aombe kuyaona makadirio kabla kazi haijaanza, atafute mstari wa vipimo. Kama haupo aulize kwenye kikao na jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Maabara tunazo. TANROADS wana maabara ya vifaa hapa mkoani, TBS wana ofisi ya kanda. Hatukosi mashine. Daraja la Kigongo–Busisi lenye kilomita 3 limefunguliwa Juni 2025, na hakuna aliyethubutu kumwaga nguzo za daraja lile bila kyubu. Mtoto wa Misungwi anapita juu ya zege lililopimwa akienda kusoma kwenye darasa ambalo halijapimwa. Mimi hilo linaniuma.

Na si lazima upime kila kitu. Darasa la chini lisilo na ghorofa, nikibanwa kabisa na fedha, nitapima udongo wa msingi, nondo, na kyubu za msingi na mkanda. Ikiwa ni ghorofa, kama shule mpya nyingi za mjini zinavyoelekea kwa sababu viwanja vimekwisha, hapo hakuna majadiliano. Kila siku ya kumwaga zege iwe na kyubu zake.

Udongo nimeutaja nikaupita. Wasukuma tunatofautisha luseni, udongo wa kichanga, na mbuga tangu utoto. Ule udongo mweusi wa mbuga unavimba masika na kupasuka kiangazi mpaka mguu wa ng'ombe unaingia. Shule ikiwekwa juu yake kwa msingi wa kawaida, kuta zitapasuka kwenye kona za madirisha, na plasta haitaficha zaidi ya mwaka mmoja. Kuna kifaa cha fimbo yenye ncha, nyundo ya kilo 8 inadondoshwa kutoka sentimita 57 na nusu, unahesabu fimbo imezama kiasi gani kila pigo. Inabebeka na watu wawili na kazi inaisha asubuhi moja. Hilo lifanyike kabla kiwanja hakijakubaliwa. Mara nyingi eneo linalotolewa bure kujenga shule ni lile ambalo mwenyewe alishindwa kulijenga.

Mwl wa Kisiwani

Nasoma kutoka Ukerewe. Huku kwetu mchanga unachotwa ufukweni, na wazee wanasema mchanga wa ziwa una chumvi unakula nondo. Ni kweli? Halafu maabara iko ng'ambo, kyubu zitasafiri vipi kwenye kivuko bila kuharibika?

MpimaZege

Mwalimu, chumvi ni ya bahari. Ziwa Victoria ni maji baridi, kwa hiyo nondo zako hazitaliwa kwa sababu hiyo. Tatizo la mchanga wa ufukweni ni jingine. Unakuwa laini na chembe zake zote zinalingana, hivyo unakunywa maji mengi, halafu una vipande vya konokono, mizizi na uozo wa majani. Fanya kile kipimo cha chupa. Maji ya juu yakibaki ya kahawia kama chai hata baada ya tope kutulia, ujue kuna uozo, na uozo unachelewesha simenti kushika. Changanya na mchanga mnene zaidi kutoka ndani. Tena kumbuka sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Shule isijengwe kwa kuubomoa ufuko wake yenyewe.

Kyubu zinasafiri bila shida. Ziache kwenye moldi mpaka kesho yake, usizitikise wala kuzihamisha zikiwa mbichi. Zikishatoka kwenye moldi zizamishe kwenye pipa la maji lililo kivulini. Siku ya safari zifunge kwenye magunia yaliyolowa, katikati uweke maranda zisigongane, na ukifika maabara zirudi majini. Kyubu nzima iliyojazwa vizuri ina kilo 8 kwenda juu kidogo. Ukikuta ya kilo 7 na nusu, ina matundu ndani, na inawezekana hata zege la ukuta wako lina matundu hayohayo.

Saiti Moja

Sawa nimekuelewa kwenye kifungu. Sasa sisi jengo letu lilishamwagwa mwaka jana, kyubu hazikuchukuliwa na watoto wako ndani. Tufanyeje?

MpimaZege

Msianze kwa kuvunja wala kuwatoa watoto kwa hofu. Kuna nyundo ya kupima ugumu wa uso wa zege, inagongwa kwenye nguzo na mkanda baada ya kutoa plasta kidogo. Haikupi nguvu kamili, inakuonyesha sehemu gani ni dhaifu kuliko nyingine. Sehemu hizo mhandisi akiona zinatia shaka, zinatobolewa kwa mashine na kutolewa kipande cha duara cha zege, kinavunjwa maabara kama kyubu. Mahali pa kutoboa apachague mhandisi, kwa kuwa ukikata nondo umeongeza tatizo.

Mkiwa hapo mpande juu mkaangalie paa. Je, kenchi zimefungwa kwenye mkanda kwa vibamba vya chuma, au zimeegeshwa na msumari mmoja? Dhoruba za ziwani tunazijua. Paa linaondoka zima.

Na mkague radi. Watu wanasahau hili, na sisi ukanda huu ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wakiwa shuleni huko Bukombe, Geita. Shule nyingi ukiuliza utaonyeshwa fimbo ya shaba juu ya paa, basi. Fimbo si kinga mpaka ardhi yake ipimwe ukinzani wa umeme, na tunataka usizidi omu 10. Hapa Mwanza, kwenye miamba, fundi anachimba nusu mita anakutana na jiwe, anazika waya palepale, anaondoka. Granaiti haipitishi umeme vizuri. Inabidi waya uvutwe mpaka penye udongo, fimbo ziongezwe, na shimo lijazwe udongo wa mfinyanzi unaoshika unyevu. Kisha lipimwe kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Ukipima masika utapata jibu zuri ambalo halitadumu.

FundiIgoma

Mkuu nimepima ile nondo. Nimekata kipande cha mita moja kwenye mzigo wa juzi, mizani ya dukani imesoma gramu 790. Nimeandika kwenye daftari na mwenyekiti wa kamati amesaini. Nimesimamisha kufunga ringi.

MpimaZege

Umefanya kazi ya mkaguzi, fundi. Kata vipande vingine viwili kutoka nondo tofauti za mzigo uleule, wasije wakasema ulichagua moja mbovu. Acha vipande virefu vya kupeleka maabara vikavutwe na kukunjwa, na mzigo wote utengwe pembeni, uandikwe kwa rangi, usitumike hata kwa linta ya choo. Risiti ya duka iwekwe pamoja na lile daftari.

Mama Buhongwa

Kaka nimempigia mhandisi, amekubali kuleta moldi. Tunamwaga mkanda Jumamosi. Ameniambia nisimamie mimi na mwalimu mmoja. Tufanye nini hasa?

MpimaZege

Hongera sana dada. Jumamosi kaeni karibu na mashine, msikae chini ya mwembe. Acheni michanganyiko ya kwanza ipite. Wewe ndiye uchague ni mchanganyiko upi, na fundi asijue mapema. Zege likishamwagwa kwenye karai linalopanda juu, chukua hilohilo karai. Moldi zipakwe oili nyembamba ndani. Jazeni tabaka tatu, kila tabaka lichokolewe kwa fimbo ya chuma mara 35 na kona zote ziguswe, kisha mlainishe juu kwa mwiko.

Kabla ya kuondoka andikeni kwenye kila kyubu tarehe, namba, na sehemu zege lilipokwenda, kwa mfano "mkanda, darasa la pili, upande wa ziwa". Mwalimu apige picha, wewe na mwalimu msaini kwenye daftari, na moldi zifungiwe stoo ambayo ufunguo unakaa na kamati. Kesho yake, Jumapili, mtu awepo wa kuzitoa na kuzizamisha, hata kama ni baada ya ibada.

Siku ya 7 inaangukia Jumamosi inayofuata, kwa hiyo piga simu maabara mapema uhakikishe wanafungua, na mjumbe mmoja awepo zinapovunjwa. Kyubu nzuri huvunjika pande zote nne na kubaki na umbo la kiuno chembamba katikati. Ikikatika upande mmoja tu, ama haikujazwa sawasawa ama haikukaa vizuri kwenye mashine, na waulizwe. Ukipiga picha za vipande nitumie humu niviangalie.